Baba, Boti ya Mkwiro Imerudi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko. Salamu nyingine sina, maana nina hasira nawe.

Unakumbuka mwaka ule bajeti ya ofisi yako ya maji ilipopunguzwa? Hukugusa magari, wala safari, wala chai ya wakubwa. Ulifunga pampu ya Tiwi, tena Ramadhani imeingia, watu wanatafuta maji ya kutawadha na ya kupikia futari. Kina mama walikwenda na ndoo tupu mpaka langoni kwa waheshimiwa. Sisi nyumbani tangi lilikuwa limejaa pomoni, lakini ulinipa ndoo ukaniambia, "Nenda nao, mwanangu, tusije tukasemwa." Nikaenda, nikapiga kelele kuliko wote. Wiki haikuisha, fedha zikarudi. Ulicheka barazani hadi machozi yakakutoka: "Ukikatwa, funga kinachowauma. Watakulilia wenyewe." Nami nilikuona bingwa.

Wanafunzi wako wamehitimu, Baba. Safari hii imepunguzwa bajeti ya afya, na karani wako wa zamani ndiye mkubwa huko. Semina yao ya Diani haikuahirishwa, siku tatu katika hoteli ya ufukweni. Kilichosimamishwa ni boti ya wagonjwa ya kisiwani Mkwiro, ati mafuta hakuna. Nikampigia simu.

"Vumilia kidogo, dada," akaniambia. "Watu wa kisiwani wakipiga kelele, tutarudishiwa. Mzee mwenyewe ndiye aliyetufunza."

Alidhani ananifurahisha.

Mwanasha, kitinda mimba wako, ameolewa huko huko Mkwiro. Uchungu ulimshika asubuhi. Mumewe alihangaika kutafuta chombo cha kumvusha hadi hospitalini Shimoni, na vyombo vyote vilikuwa vimekwisha kwenda kuvua. Walipovuka ilikuwa adhuhuri. Mwanasha alipona. Mtoto hakupona.

Kelele zikapigwa, kama ulivyofunza. Fedha zimerudi, boti imerudi. Imepakwa rangi mpya na wakubwa wamepiga picha mbele yake, wakitabasamu bila haya.

Mwanasha hajui ujanja huu ulianzia wapi. Ananiuliza kwa nini siku hizi sikutaji katika dua za marehemu wetu, nami namjibu kwamba nimesahau. Nitamwambia nini? Mtoto alikuwa wa kiume, mjukuu wako wa kwanza, na tulimzika kwa jina lako.

Kwa heri, Baba. Mungu ndiye wa kukurehemu. Mimi bado sijaweza.

Binti yako mkubwa