Tumbo la Mamba wa Mahjoub

Gharb Soheil,
Aswani.
9 Novemba 2019

Mpendwa Shazali, mwana wa ndugu yangu,

Salamu nyingi kama samaki wa ziwa. U mzima huko Kuwaiti? Mkeo na watoto hawajambo? Mimi mzima, meno manne yamebaki na yananitosha. Utanivumilia mwandiko, kalamu naishika kama kasia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaitupa mara moja. Eti mashua ya marehemu baba yako apewe jirani Mahjoub kwa kuwa mimi nimezeeka! Mahjoub huyu anayefuga mamba birikani uani ili wageni wapige picha? Haya, sikiliza.

Daktari Nagwa wa chuo alikuja na kibali, anataka kujua bakteria na kuvu wanaoishi matumboni mwa mamba wa ziwani. Kazi ni kumkamata mamba, kumfunga mdomo, na kumpitisha kijiti cha pamba huko nyuma. Nilimletea mamba kumi na mmoja kwa mikono hii hii. Aswani nzima hakuna mwingine awezaye.

Mahjoub kaleta mmoja, kaapa kamtoa ziwani. Muongo! Ni yule wa uani. Vijiti vya kwanza vikapelekwa kupimwa Kairo, Daktari akarudi kanuna, akatukusanya wavuvi.

"Ami Mahjoub, mamba wako ana vijidudu vya kuku na kuvu ya hamira. Ziwani kuna duka la mkate?"

"Labda alikula bata."

"Na bata alibeba mkate?" nikamwuliza. "Ewe mwanamume, hata tumbo la mamba limekukana!"

Watu walicheka, Daktari hakucheka. Akasema sasa hamwamini mvuvi yeyote, atavitupa vijiti vya wote, na vyangu pia. Nikamwambia, "Binti yangu, vyangu vipime kimoja kimoja." Akavipima. Vyote kumi na kimoja vina vijidudu vya samaki na matope, hamira hakuna hata chembe. Kaniomba radhi mbele ya watu.

Sasa mtu anayemlisha mamba mkate, na ziwa lile pale, umpe mashua? Ataipaka rangi apakie wageni. Baba yako aliivulia samaki waliokulea wewe.

Nimeivuta hadi mlangoni kwangu, nimeifunga kwa kamba. Ukitaka kumpa Mahjoub, panda ndege, uje uifungue mwenyewe nikikutazama.

Shangazi yako Samha anakusalimu. Msalimie mkeo Nabra na mdogo wetu Idris. Mungu akukinge na joto la huko, akuzidishie na akili.

Wako akupendaye hata ukikosea,
Ami yako Abdoun