Vitambaa vya Meza Katika Beseni Moja

Mjukuu wangu Nekesa,

Mwaka wa sabini na sita nilipoteza mteja wangu mkubwa, mama mwenye loji Malaba, kwa sababu ya rangi. Huku tu wazima, ni magoti yangu tu yamechoka.

Unauliza kama vitambaa vyote vya kudarizi hushika rangi sawa. Muuza duka wa Busia aliyeniuzia vitambaa vya meza aliniapia, "Mama, hii yote pamba tupu." Nikatumbukiza vitambaa vya loji kumi na viwili pamoja katika beseni moja la rangi nyekundu. Vinane vya pamba vikaiva vyekundu. Vinne, kumbe tetroni, kile kitambaa cha kiwandani kisicho pamba, vikapauka. Mwenye loji akacheka, "Hizi nne ziko na malaria?" Hakuniagiza tena.

Tangu hapo nachoma uzi kwanza. Pamba huacha majivu, tetroni huyeyuka ikawa donge.

Vitambaa vyako vya harusi unavyotaka kutia rangi, umechoma uzi? Nijibu kabla ya Ijumaa, ndiyo au hapana.

Kukhu wako