Chevrolet ya Mzee Lennart

Précieuse, usinipigie simu, shemeji yako Papy amekaa hapa jikoni, hata koti hajavua. Ameharibu gari la watu!

Unaikumbuka ile Chevrolet ya 1957 iliyombeba Gaëlle wetu siku ya harusi? Ya Mzee Lennart, jirani yetu hapa mtaani Vårby gård. Rangi ilikuwa imepauka, milango imechubuka.

Sasa Papy akasema kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Akaomba abaki nayo wiki moja, ati aioshe. Kumbe kaipeleka gereji kazini kwake, akapiga msasa, akapuliza rangi mpya. Inang'aa kama kioo!

Leo kairudisha. Mzee hakupiga kelele, dada. Bora angepiga! Akauliza tu, "Umeitoa rangi yote?" Papy akajibu, "Yote!" Na anatabasamu!

Kumbe wanaokusanya magari hayo wanataka rangi ileile ya kiwandani, hata ikichubuka. Sasa thamani imeshuka nusu.

Umeitoa yote? Yote!

Lakini si hilo linalomliza Papy. Mzee aliinama kwenye mlango, akapapasa karibu na kitasa, anatafuta mikwaruzo iliyoachwa na pete ya marehemu mkewe. Akapapasa, akapapasa.

Papy alikuwa amepalainisha vizuri sana.