Nyigu Katika Nyumba Yako

Kwa kaka yangu mkubwa, Kiplagat,
Tuwan, Kitale.

Baada ya salamu za heshima, madhumuni ya barua hii ni kukuarifu hali ya nyumba yako uliyoifunga ulipotuacha kwa hasira miaka sita iliyopita. Mahindi yamestawi, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Nyigu wamejenga humo ndani. Hutokea kwenye tundu la ufunguo, na jua likipanda, mlango mzima huvuma. Jumatatu walimuuma Mama akifagia mbele ya mlango huo. Koo lilimvimba, akazirai. Daktari ametamka kwamba akiumwa tena, huenda tusimfikishe hospitalini.

Nilimsihi aache kufagia hapo. Alinijibu, "Wewe nyamaza! Kiplagat akirudi apate majani mlangoni, si atasema ati nilimsahau?"

Niliuficha ufagio. Asubuhi hii amekata matawi, anafunga mwingine.

Unajua desturi yetu: mdogo havunji mlango wa mkubwa wake. Kwa hiyo naomba uamuzi wako kabla ya Jumapili: utauleta ufunguo mwenyewe, au unaniruhusu nivunje?

Ndugu yako mtiifu,
Kipkemei