Nyumba Ambayo Sijaifagia

Mume wangu, roho yangu,

Bado nalitamka hilo neno, mume wangu, kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya na hataki kuvivua hata kitandani. Nalisema sokoni kwa watu ambao hawakuniuliza kitu. "Mume wangu anapenda ndizi ngumu." Muuza ndizi anacheka: "Eh mama, ile ndoa ingali na moto!" Ingali na moto, mpenzi. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi, ili dereva au motari yeyote wa pikipiki anayepita njia ya Kasugho, akikuona, akusomee.

Unakumbuka siku uliponitoa kwetu Mulekera, kule Beni? Shangazi zangu walikuwa bado wanapiga vigelegele nyuma yetu, na mimi nimekaa mbele ya gari lako, nguo za arusi zimejaa mpaka kwenye kioo. Tulipoiacha Beni ukaniuliza, "Sheri wangu, unajisikia namna gani?" Mimi niliyemaliza sekondari, ambaye insha zangu zilikuwa zinasomwa mbele ya darasa, nikafungua mdomo nikakosa la kusema. Nikajaribu furaha. Nikajaribu amani. Yote yalikuwa madogo, kama nguo ya mwaka juzi. Ukacheka, ukachukua mkono wangu wenye hina, ukauweka juu ya gia, na wako juu yake. Gari lilikuwa linapanda kilima, na ule mtetemo ukanipanda mpaka begani, mpaka kifuani.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Basi wacha kutafuta maneno. Iko vile."

Ilikuwa vile vile kabisa. Mpaka tunaingia Butembo sikuutoa mkono.

Na asubuhi ulipoondoka kwenda Kasugho kuchukua mawese, unakumbuka? Mvua ilikuwa imenyesha. Ulirudi ndani kunikumbatia tena, buti zako zikaacha matope kwenye saruji, kutoka mlangoni mpaka niliposimama. Nikachukua ufagio. Mama yako akaninyang'anya. "Eh, mwana yangu! Hapana kufagia nyuma ya mutu wa barabara! Ukifagia miguu yake, atarudilia wapi?"

Ukacheka pale mlangoni. "Sheri, wacha tu. Nikirudi nitafagia mie mwenyewe."

"Wewe? Kushika ufagio? Nitaita batu baje kuona!"

"Ita bote. Hata imamu."

Hiyo ndiyo sauti yako ya mwisho niliyo nayo.

Kisha watu wakaanza kufika wakikimbia vita kutoka upande wa Kasugho, magodoro kichwani, watoto mgongoni. Nikasimama barabarani nikamuuliza kila mmoja. Motari mmoja aliyajua maandishi ya gari lako. Alisema aliliona limesimama kando ya njia, milango wazi, bidoni za mawese bado ziko nyuma, na mtu hakuna. Nikamuuliza, "Uligusa injini? Ilikuwa ingali na moto?"

"Mama, nilikuwa nakimbia. Nani atasimama kugusa injini?" Halafu akatazama chini. "Unisamehe, mama."

Tangu siku hiyo natafuta neno na silipati. Hofu? Ni dogo. Huzuni? Huzuni ni ya wale ambao wameshaambiwa, na mimi hakuna aliyeniambia kitu. Gari zito likipita barabarani, chini ya nyumba yetu, vioo vinatetemeka, na mimi niko nje kabla sijajua nimesimama. Halafu linapita. Nabaki na mkono kwenye nguzo ya mlango, naugandamiza ubao kama utaniambia kitu. Ungekuwa hapa ningeuweka mkono wako kifuani pangu, ningekuuliza, "Unasikia?" Basi. Iko vile.

Jana wamama wa mtaa walikuja kukaa na mimi. Mmoja, kwa moyo mzuri, akashika ufagio. Nikamrukia.

"Wacha!"

"Lakini mama, batu batakaa wapi mu hii mavumbi?"

"Batasimama!"

Nikaona haya. Ndipo mama yako akainuka, akaenda kuketi sakafuni kando ya nyayo zako, miguu ameikunja ili asiziguse. Wale wamama wakamtazama. Wakavua viatu, mmoja baada ya mwingine, wakapita wakiambaa ukuta, wakaketi nao chini.

Matope yamekauka, mpenzi. Yanapasuka. Ule unyayo wa mwisho, pale ulipokuwa umesimama ukinikumbatia, umeanza kumeguka pembeni, na siwezi kuuzuia kwa mikono. Usichelewe zaidi. Njoo kwa miguu, njoo bila gari, bila mawese, njoo umechafuka ulivyo. Sitauliza ulikuwa wapi.

Ufagio uko nyuma ya mlango. Uliahidi.

Ni mimi, mke wako, ambaye hina haijamtoka mikononi.