Vidonge Ulivyovihesabu

Binti yangu,

Maharage yako jikoni, yapashe tu. Shati la shule la mdogo wako bado halijakauka, ligeuze. Na madirisha yafunge. Joto ni langu peke yangu, nyinyi mnaganda bure.

Asubuhi ulipomwaga vidonge vyangu mezani ukavihesabu, nilikuita mpelelezi, nikakwambia hukunizaa. Dakika tano baadaye mikono ikatetemeka hadi nikashindwa kufunga vifungo vya blauzi, ukanifungia. Hapo ndipo niliposhikwa na aibu.

Ulihesabu sawasawa. Nimeviacha wiki tatu. Moyo ulikuwa umetulia, nguo zimeanza kunikaa tena, nikajiona nimepona. Kumbe kinga ya mwili wangu bado inaichokoza tezi ya shingo, na dawa ndiyo iliyokuwa ikiituliza. Daktari alinieleza haya yote, nami nikajifanya najua zaidi.

Nimekwenda kliniki kupima damu na kusema ukweli. ~~Usimwambie baba yako.~~ Mwambie baba yako.

Kichupa cha dawa kitakuwa kando ya sukari. Vihesabu vidonge kila jioni, mpelelezi wangu. Sitafoka.

Mama