Mgeni wa Miezi Mitano

Shikamoo, Mama. Kadi nimeinunua Homa Bay, ila kisa ni cha Migori, na kinanitia aibu.

Unajua nilitumwa huku kuwalea kiroho wanafunzi wa chuo. Kila Jumapili kabla ya mahubiri wageni huombwa wasimame wajitambulishe. Baada ya ibada, wageni hao hula samaki mzima aliyetoka ziwani Karungu asubuhi ileile, na wenyeji hula ugali na sukuma, mboga ya majani ya huku. Basi mwanao mmishonari amekuwa akisimama kila Jumapili kwa miezi mitano. "Naitwa Elia, natoka Njombe, Tanzania. Ni mgeni kwenu." Na sauti naishusha kabisa, kwa unyenyekevu.

Jana nikasimama tena. Akinyi, mwenyekiti wa wanafunzi, akanitazama kwa upole mbele ya kanisa zima.

"Mtumishi, wewe keti tu. Wewe si mgeni tena, wewe ni wetu. Hata tumekuweka kwa zamu ya kuosha vyombo."

Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nikaketi, masikio yanawaka kuliko jua la huku.

Nikala sukuma. Kisha nikakunja mikono ya shati, nikaosha sahani arobaini na sufuria iliyogandamana na ugali, na sijui kwa nini, Mama, niliimba muda wote. Cheka tu. Wewe ulinibembeleza miaka mingi nioshe kikombe kimoja.

Mungu akutunze. Nikija likizo, usinichinjie kuku kama mgeni. Niachie vyombo.

Mwanao,
Elia